Uzi wa Gunia: Mhadhara juu ya Udarizi na Sanaa za Mikono za Pinga



Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya sanaa za asili za watu wa milimani, nilikaribia kukataa. Ukitaja sanaa za asili mbele ya watu, wengi huona kabati la kioo lenye kinyago ndani na kikaratasi chini yake. Pinga hatuna kabati la namna hiyo, na hata tungekuwa nalo, sijui lingekuwa limebaki na vioo vingapi kufikia leo. Kwa hiyo nitaanza na kitu mnachokalia, mnachofunikia mkaa na mnachozibia dirisha. Nitaanza na gunia.

Ni lile jeupe la plastiki, lililokuja na unga au maharagwe ya msaada, lenye herufi za buluu ubavuni. Unga ukiisha, mama analigeuza nje ndani. Anatafuta mshono wa mashine kwenye pindo la chini, anakata fundo moja kwa wembe, kisha anavuta, na pindo zima linafumuka trrr, kama mvua inayoanza kugonga mabati. Akishamaliza pindo anaanza kuchomoa nyuzi moja moja. Kusema kweli bado si nyuzi. Ni tepe nyembamba, bapa, zinazoteleza, na ukishona nazo hivyo hivyo zitachanika. Anaulaza utepe juu ya paja na kuusokota kwa kiganja, mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi ujikaze na kuwa uzi. Zilizo nyeupe tupu anaziweka kando. Anazozipenda ni zile zilizopita penye herufi, kwa kuwa zina buluu vipande vipande. Akizizungusha kwenye kitunga, rangi inatokea na kupotea kila mzunguko, kama madoa ya kanga porini. Mgeni akikiona kitunga hicho sokoni huuliza rangi hiyo imenunuliwa duka gani.

Gunia nimeliweka mbele kwa makusudi. Nataka tukubaliane mapema kwamba ufundi haukai ndani ya malighafi. Mwanamke anayesokota utepe wa plastiki kwenye paja anafanya kile kile alichofanya bibi yake kwa nyuzi za mti. Mkono ni ule ule na paja ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mti ulikuwa nyuma ya nyumba, na gunia limekuja kwa lori.

Pinga yetu, hapa Kivu Kaskazini, mnaijua kuliko mimi. Imekaa mguu mmoja Walikale, mguu mwingine Masisi. Huko juu kuna vilima vya malisho, ng'ombe na jibini, baridi ya asubuhi inayofanya watu wafumiane masweta. Huku chini msitu unaanza, joto linapanda, mito inapanuka. Kwa fundi wa kazi za mikono hapa ni mahali pa bahati. Msitu unamletea mwale, gome la mti, mitambaazi ya kusukia vitunga vya kubebea mihogo. Mlima unamletea nyasi ngumu na laini za kusuka vyombo vidogo vyenye vifuniko. Siku ya soko vyote vinakutana chini, juu ya turubai moja.

Na watu pia wanakutana. Mnyanga analeta mkeka, Mhunde analeta kitunga chake, Mtembo na Mnande wako jirani. Halafu kuna wale wanaozungumza Kinyarwanda, wengine wazee wao walikuwa hapa tangu zamani, wengine waliletwa Masisi na serikali ya Wabelgiji kuanzia 1937 kwa mpango uliodumu hadi 1955. Hao walikuja na agaseke, kile kikapu cha kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Mambo ya nani alifika lini yametugharimu damu nyingi, na leo sikuja kuyapima. Nitasema tu nilichokiona kwa macho: mama wa Kinyanga akikigeuza kikapu cha jirani yake wa Kihutu, akipitisha kucha kwenye mshono wa kifuniko, akikirudisha bila kusema neno. Wiki mbili baadaye kitunga chake mwenyewe kilikuwa na kifuniko.

Sasa nije kwenye sindano.

Kudarizi, au kutarizi kama waandikavyo wengine, sisi hapa tunakuita tu broderi. Neno tumelichukua kwa Wafaransa kupitia kwa masista, na wengi wetu tunaamini kwamba kazi yenyewe pia tulipewa na masista. Hapo kuna ukweli nusu. Ni kweli kwamba katika Kongo ya Wabelgiji msichana aliyepelekwa misheni alifundishwa kupiga pindo, kupiga pasi, kudarizi ua kwenye pembe ya kitambaa cha meza, wakati kaka yake akifundishwa hesabu na Kifaransa ili awe karani. Mijini kulikuwa na nyumba maalumu za kufundishia wake za makarani, zikiitwa foyer social. Ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ilifunguliwa 1946. Lengo halikufichwa: karani apate mke ajuaye kutandika meza. Mwanamke alipewa sindano ili atulie nyumbani.

Mimi masomo hayo siyapendi, na sitaki kuyapamba. Lakini mtu akikupa chombo, hawezi kukufuata maisha yako yote kuangalia unakifanyia nini. Mama yangu alipita katika darasa la namna hiyo. Alifundishwa waridi. Hajawahi kuliona waridi. Alilijua kwa karatasi ya mfano waliyopewa, na akalishona miaka miwili kama alivyoelekezwa, petali baada ya petali. Alipoolewa na kuhamia huku, waridi likaanza kubadilika bila yeye kutangaza. Petali zikawa ndefu. Katikati pakaingia rangi ya damu ya mzee. Nilipofika umri wa kuuliza, lile waridi la masista lilikuwa limekwisha kuwa ua la mgomba, lile linaloning'inia chini ya mkungu kama moyo. Nikamwambia: mama, hili si waridi. Akanijibu kwamba ni waridi la hapa.

Kitambaa chenye ua hilo nilikitazama sana nikiwa mtoto, hasa upande wa nyuma. Mnajua kwamba fundi mzuri humpimi kwa upande wa mbele. Mbele kila mtu anaweza kudanganya. Geuza, uangalie mafundo, uangalie uzi unarukaje kutoka jani hadi jani. Mama alikuwa anaficha ncha za uzi chini ya mishono mitatu ya mwisho, hakuna fundo hata moja, na ukipitisha kiganja nyuma hukwaruzwi na kitu. Alivikaza vitambaa kwa pete mbili za mti zinazoingiana, moja ndani ya nyingine. Pete ya nje ilikuwa imepasuka, akaifunga kwa utepe wa mpira wa tairi la baiskeli. Uzi wa dukani wenye nyuzi sita aliugawa mara tatu, kwa kuwa uzi ulikuwa ghali, na pia kwa kuwa nyuzi mbili mbili zinalala vizuri zaidi juu ya kitambaa. Sikuwahi kujua ni sababu ipi ilitangulia.

Baadaye likaja neno la Rais Mobutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tai ilipigwa marufuku, wanaume wakavaa abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, na wanawake wakaambiwa waache suruali wavae kikwembe. Sera hiyo ilikuwa na makelele mengi na njaa nyingi, lakini kwa washonaji ilikuwa msimu wa mavuno. Blauzi ya kikwembe inataka shingo iliyodariziwa, mikono iliyodariziwa, na sherehe moja ya arusi ilitosha kumlipia fundi ada ya mtoto shuleni. Sindano iliyofundishwa ili mwanamke akae ndani ikawa inamtoa nje kutafuta wateja.

Nimesema kwamba habari ya masista ni ukweli nusu. Nusu ya pili ni hii: nchi yetu ilikuwa inadarizi kabla hajafika mmisionari yeyote. Nendeni Kasai, kwa Wakuba. Kule mwanamume ndiye anayefuma kitambaa cha mwale, kwenye kitanda cha mfumi kilichoegemezwa, na urefu wa kitambaa hauzidi urefu wa jani lenyewe. Kisha mwanamke anakichukua, anakisugua na kukiponda hadi kilainike, na hapo ndipo anaposhika sindano. Anapitisha uzi chini ya nyuzi mbili tatu za kitambaa, anautoa, anaukata kwa kisu kidogo ili ncha zibaki zimesimama kama nywele zilizonyolewa. Hafungi fundo. Uzi unashikwa na ufumaji wenyewe. Anarudia mara maelfu, bila kuchora chochote juu ya kitambaa, umbo lote likiwa kichwani. Wazungu walipoviona vitambaa hivyo wakaviita mahameli. Ukivigusa utajua kwa nini.

Karibu nasi zaidi, kwa Walega, upande huu wa msitu, kofia za wakubwa wa chama cha bwami zilisukwa kwa mti mwembamba, kisha zikashonewa makombe ya kauri, shanga, na juu kabisa mkia wa tembo kwa wale wa daraja la juu. Kauri zilipoadimika, na mashati ya Kizungu yalipoanza kuzagaa, wakashonea vifungo vya mashati. Nimeona picha ya kofia iliyojaa vifungo vyeupe mpaka ikawa kama samaki mwenye magamba. Watafiti wengine huona huruma kwa jambo hilo, kana kwamba ni upotovu. Mimi naona mtu mwenye jicho. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikapiga marufuku bwami, vitu vingi vikaishia ng'ambo kwenye majumba ya makumbusho. Vifungo vile vya mashati navyo vikarudi Ulaya vikiwa vimepanda cheo.

Na Ituri, kaskazini yetu, wanawake wa Kimbuti huchora juu ya gome la mti lililopondwa likawa kitambaa. Uganda nao wana gome lao, la mti wa mutuba, ambalo UNESCO ililitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Mafundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nitawaacha leo, maana hao wana sanamu yao tayari, ya rangi ya dhahabu, pale Goma. Wamekwisha kusifiwa.

Sasa nataka niwaulize wazee wa Kinyanga: kati ya sanaa zetu zote, ipi imesafiri mbali kuliko zote? Mnatabasamu, kwa hiyo mnajua. Ni karisi, utendi wetu wa shujaa Mwindo.

Mwaka 1956, Mzee Candi Rureke, shekarisi, yaani msimulizi wa karisi, alikaa mbele ya Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, akaimba na kusimulia habari za Mwindo siku 12. Alikuwa na conga yake mkononi, ule usinga wa mkia wa mnyama, na kibuyu cha njuga. Vijana walipiga fimbo ya mlio na kuitikia. Alikuwa hajawahi kuisimulia yote mfululizo hivyo, kwa sababu karisi kwa kawaida husimuliwa kipande kimoja jioni hii, kingine jioni nyingine. Alipomaliza alikuwa hoi. Mnyanga mwenzetu Kahombo Mateene alifanya kazi kubwa ya lugha pamoja na Biebuyck, na kitabu kikachapishwa Marekani mwaka 1969. Tangu hapo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanamjua Shemwindo, baba yake Mwindo, aliyetaka wake zake wazae mabinti tu, na wanakijua kijiji chake Tubondo, wakati kwetu hapa kuna watoto ambao hawajapata kuisikia karisi hata jioni moja.

Wengi husoma karisi kama habari ya vita kati ya baba na mwana. Mimi, labda kwa kuwa nimelelewa na mshonaji, naona vitu. Tazameni Mwindo anavyozaliwa. Mkono wa kulia ana conga, wa kushoto ana tezo, mgongoni ana mfuko wa Kahombo, roho ya bahati, na ndani ya mfuko mna kamba ndefu. Mtoto kaja duniani akiwa na vifaa vya fundi! Baba yake anapotaka kumuua anamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, na ngoma inaelea na kumbeba kama mtumbwi. Kisha anaposhuka kuzimu kumtafuta baba, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha moja ya kamba. Anamwambia, kwa maana yake, ukisikia kamba imetulia haitikisiki tena, jua nimekufa.

Huko kuzimu kuna Muisa, na Muisa ana mshipi wa kauri uitwao karemba. Mshipi ule anautuma ukapigane peke yake. Unamwendea Mwindo, unamkunja, unamkandamiza mdomo kwenye ardhi. Huku juu Iyangura anaishika kamba na kuona imelala kimya. Halafu conga inajitikisa, Mwindo anainuka, kamba inaanza kusogea tena mkononi mwa shangazi.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Hao ni watu waliojua kazi za mikono kiasi kwamba mshipi ulioshonewa kauri kwao ni mpiganaji, na habari za uhai wa mtu zinapitishwa kwa kamba. Iyangura hakuwa na simu. Alikuwa na uzi, na vidole vya kusikilizia.

Sasa nitoke kwenye hadithi, nirudi kwetu. Machi 1993, sokoni Ntoto, hapa hapa Walikale, watu waliuawa wakiwa kwenye biashara zao, na moto ukasambaa hadi Masisi. Tangu hapo kukimbia kumekuwa sehemu ya kalenda yetu, na Pinga imebadilisha wenye bunduki mara nyingi kuliko ninavyotaka kuhesabu mbele ya watoto. Siingii katika majina ya makundi. Mnayajua, na mengine yana masikio. Swali langu ni la fundi: mtu akiwa na dakika kumi, anabeba nini?

Habebi kitanda cha kufumia. Habebi mti wa mwale. Mkeka mkubwa unaachwa, kinu kinaachwa, ngoma inaachwa, na hizo ndizo sanaa zilizodhoofika zaidi, ukichunguza. Anabeba mtoto, sufuria, kikwembe. Sindano inachomekwa kwenye upindo wa kikwembe, karibu na kiuno, pale isipoonekana. Nimewauliza akina mama wengi hapa, na zaidi ya mmoja ameinua pindo la nguo yake kunionyesha mahali ilipokaa. Hadithi nayo haina uzito. Kwa hiyo tumebaki na sindano na mdomo, na sishangai kwamba udarizi na usukaji wa vitunga vidogo vimenawiri katika kambi za waliokimbia wakati uchongaji umelala.

Goma, hospitali ya HEAL Africa iliyoanzishwa na Jo Lusi na mkewe Lyn, ambaye alifariki mwaka 2012, ilianzisha mahali pa kushonea kwa wanawake waliokuwa wakingoja upasuaji au wakipona. Wengine walingoja miezi. Walishona mifuko ya vikwembe na vitu vidogo vya kuuza. Kwa mwanamke aliyeumizwa kiasi kile, kushika kitu kimoja asubuhi na kukimaliza jioni si jambo dogo, na hela yake mwenyewe mkononi si jambo dogo pia. Lakini nitasema na lile lisilopendeza. Kazi ya mikono inapogeuzwa dawa tu, wanunuzi hununua kwa huruma, na huruma haichagui ubora. Nimeona mikoba iliyoshonwa ovyo ikisifiwa kwa sababu ya aliyeishona, na nimeona fundi hasa, mwenye mkono kama wa mama yangu, akilipwa sawasawa na aliyeanza juzi. Kumheshimu fundi ni pamoja na kumwambia kwamba hapa mshono umepinda.

Hapo ndipo ninapofikia kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kuandaa maonyesho madogo ya kazi za mikono katika ukumbi fulani mjini. Tulipata vitambaa kumi na viwili kutoka huku, vitunga, mikeka miwili. Mimi ndiye niliyeandika vikaratasi. Kwenye kila kimoja niliandika: "Kazi ya mikono, akina mama wa Pinga." Nikaona nimetenda haki, hata nikajivuna kidogo, maana vikaratasi vya watu wengine viliandikwa "Kongo" tu. Siku ya pili akaja mama mmoja aliyekuwa amekimbilia mjini. Akasimama mbele ya kitambaa kimoja kwa muda, akakigeuza, ingawa tulikuwa tumeandika usiguse. Akaniita.

"Mutoto yangu, hawa bamama ni banani?"

Nikamwambia ni akina mama wa Pinga, mama, walioshona vitambaa hivi.

"Hiki nilikishona miye. Miye niko na jina."

Nilikitoa kikaratasi nikaandika kingine, na mkono ulikuwa unatetemeka kwa aibu. Vile kumi na kimoja vilivyobaki sikuweza kuvirekebisha. Sikujua vya nani.

Tangu siku ile kila ninapokwenda, au ninapofungua kitabu cha picha, natafuta jina. Nitawapa mfano wa mbali sana, wa mlima mwingine. Huko India, katika milima ya Himalaya, kuna mji uitwao Chamba. Wanawake wake hudarizi vitambaa kwa mshono unaotoka sawasawa pande zote mbili, hakuna mbele wala nyuma. Mama yangu angekaa nao wakaelewana bila mkalimani. Wachoraji walichora kwanza kwa mkaa, wanawake wakajaza kwa hariri. Mwaka 1883 Raja Gopal Singh wa Chamba aliwapa Waingereza kitambaa kimoja kikubwa chenye vita vya hadithi zao za kale, na kipo London hadi leo. Jina la raja tunalo, mwaka tunao, jumba la makumbusho tunalo. Aliyepitisha uzi ule mara maelfu hana jina.

Wakuba walifanya vizuri kidogo, kwa kuwa kwao umbo la kudariziwa hupewa jina. Mwanahistoria Jan Vansina alisimulia kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimpelekea mfalme wa Wakuba pikipiki, wakidhani atastaajabu. Pikipiki haikumshtua. Alichokitamani ni alama zilizoachwa na matairi mchangani, akaagiza zinakiliwe, na umbo lile likabeba jina lake. Hata hapo aliyepata jina ni mfalme, lakini angalau wanajua kwamba umbo ni mali ya mtu.

Na sisi tuna mfano bora kuliko yote hayo. Rureke anajulikana. Biebuyck angeweza kuandika "hadithi ya Wanyanga" na kuishia hapo, kama nilivyoandika "akina mama wa Pinga". Aliandika jina la mzee, cheo chake cha shekarisi, na siku alizotumia. Ndiyo sababu leo ninaweza kumtaja mbele yenu miaka mingi baada ya jioni zile.

Kuna jambo moja linalonichoma zaidi. Kwa miaka kadhaa mifuko ya madini ya bati na koltani ya nchi hii imekuwa ikifungwa kibandiko chenye namba, ili mnunuzi aliye ng'ambo ajue imetoka shimo gani. Mfuko wa mawe una kitambulisho. Kitambaa kilichokula macho ya mtu miezi mitatu kinauzwa Goma, kinapelekwa Kampala, kinapanda ndege, na hakina hata herufi moja.

Kwa hiyo nawaomba neno moja, hasa ninyi akina mama mliokaa nyuma na kazi zenu mapajani. Nimewaona mnashona huku nikisema, na sikukasirika. Kabla ya kuuza, geuzeni kitambaa. Kwenye pembe ya chini, upande wa ndani, shoneni jina lenu kwa uzi ule ule wa kazi, na chini yake Pinga. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa darasa la pili amchoree herufi kwa penseli, yeye azifuate kwa sindano. Ni mishono thelathini, haizidi nusu saa. Kwenye kitunga, jina liingie chini ya kitako kwa ule uzi wa gunia wenye buluu. Vijana, jioni hii nendeni kwa mzee yeyote anayejua kipande cha karisi, mrekodi kwa simu, na kabla hajaanza kusimulia mwambieni aseme jina lake. Na anayenunua akigeuze kitambaa kabla ya kutoa hela. Asipoona jina, aulize.